Sala ya Mchunga Mifugo

Kwa muda wa miaka 12 nilikuwa mkuu wa chuo kimoja cha ualimu katika nyanda za juu, na miaka hiyo yote chuo kilikuwa na mlinzi wa usiku ambaye wanachuo walimwita Babu. Alinizidi umri kwa miaka kama ishirini, kwa hiyo tulipokutana mimi ndiye niliyemwamkia. Mzee huyu alikuwa na desturi yake. Saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kengele ya kwanza, alisimama nyuma ya ghala chini ya mikaratusi, rungu ameliegemeza ukutani, kofia i mkononi, akazungumza na Mungu kwa sauti ya mtu anayesemezana na jirani wa ng'ambo ya ua. Alimwambia kwamba usiku umepita salama, kwamba mwizi hakuonekana, kwamba mbwa wa mpishi amezaa watoto wanne, na kwamba sasa yeye anakwenda kulala, basi Mungu ashike lindo mpaka jioni.

Asubuhi moja ya mwaka 1993 tulikuwa na wakaguzi. Walikuwa wamelala katika nyumba ya wageni, hatua chache kutoka ghalani, nami niliposikia sauti ile nikaona haya. Baadaye nikamwita Babu ofisini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu."

Nikamweleza, kwa upole kama nilivyodhani, kwamba sala ina mahali pake na maneno yake, na kwamba Mungu si wa kupelekewa habari za mbwa. Nikampa kitabu kidogo cha sala, nikamfunulia ukurasa wa sala ya asubuhi, nikamsomea mara mbili, kwa maana yeye alisoma kwa shida. Akakipokea kwa mikono miwili. "Nimesikia, Mwalimu," akasema. Tangu siku ile nyuma ya ghala kukawa kimya. Wakaguzi waliondoka wameridhika, nami nikalihesabu jambo lile kuwa limekwisha.

Lilirudi mwaka 2011, nilipokuwa nimekwisha kustaafu. Nilifundisha historia maisha yangu yote, na siku zote nilisikitika kwamba katika masomo yetu Wayahudi walionekana mara mbili tu: katika Biblia, na tena katika vita vya Hitler, kana kwamba katikati ya hapo hapakuwa na watu bali maiti za kale na maiti za karibuni. Basi uzeeni nilianza kusoma habari za ile miaka ya katikati. Na humo nikakutana na kisa cha mchunga mifugo.

Kisa hiki kimo katika kitabu kiitwacho Sefer Hasidim, yaani Kitabu cha Wachamungu, kilichokusanywa Ujerumani mnamo mwaka 1200, na ambacho kwa kawaida huhusishwa na Yehuda wa Regensburg, aliyefariki mwaka 1217. Panasimuliwa mchunga mifugo asiyejua kusali. Kila siku alikuwa akimwambia Mola kwamba, kama Yeye angekuwa na ng'ombe na kumpa awachunge, angewachunga bila ujira, ingawa watu wengine wote huwatoza, kwa sababu anampenda. Mwanachuoni mmoja akapita, akamsikia, akamkemea. Akamfundisha baraka na sala kama zilivyoandikwa. Mwanachuoni alipokwenda zake, mchungaji akayasahau yale aliyofundishwa, na yale yake mwenyewe akaogopa kuyasema; akawa hasali kabisa. Ndipo mwanachuoni akajiwa na ndoto usiku, akaonywa kwamba amemnyang'anya Mungu mtu wake, na kwamba asiporudi kumwambia aseme kama alivyokuwa akisema, yatampata mabaya. Akarudi, akamkuta mtu hasali sala yoyote, akamwambia aendelee na maneno yake ya zamani.

Niliposoma hayo niliweka kitabu chini, nikatoka nje. Mimi sikuwa nimeota ndoto yoyote. Nilikuwa nimelala vizuri miaka 18.

Baadaye nilijiuliza kama mwalimu wa historia: ilikuwaje watu hawa, wanaojulikana ulimwenguni kuwa watu wa sheria, ambao mapokeo yao huhesabu amri 613, wakakihifadhi kisa cha namna hii, tena katika kitabu kilichotungwa na watu walioshika sheria hizo kwa ukali kuliko wengine? Swali hilo limenishughulisha kwa miaka mingi.

Tuanze na neno, ndugu msomaji, kwa kuwa neno lenyewe tunalo nyumbani. Tunaposema *karibu* tunatumia neno tulilolipata kwa Waarabu, nalo lina mzizi wa konsonanti tatu, k-r-b, ambao Waebrania nao wanao. Kwao *karov* ni karibu. Na sadaka ya kuteketezwa madhabahuni huitwa *korban*, ambayo sisi tunaiita kurubani. Kwa hiyo katika lugha yao sadaka si kwanza zawadi, wala si malipo. Ni kitu cha kumkaribia mtu nacho. Vivyo hivyo *nefesh* yao ni ndugu wa nafsi yetu, na *ruach* ni ndugu wa roho. Wataalamu wa Kiebrania husema kwamba nefesh katika maandiko ya kale huweza pia kuwa na maana ya koo. Basi mwimbaji wa Zaburi ya 42 anaposema nafsi yake ina kiu, hatumii fumbo la mbali. Ni koo lililokauka. Sisi nasi husema mtu amekabwa roho, ilhali kilichokabwa ni shingo.

Katika nyakati za Hekalu kumkaribia Mungu kulikuwa ni kutembea. Mtu alipanda Yerusalemu kwa miguu yake, akapita ua baada ya ua: ua ambao hata watu wa mataifa waliruhusiwa, kisha ua wa wanawake, kisha ua wa wanaume wa Israeli, kisha makuhani peke yao. Ndani kabisa palikuwa na Patakatifu pa Patakatifu, ambapo Kuhani Mkuu peke yake aliingia, tena siku moja tu katika mwaka, Siku ya Upatanisho. Mwaka 1871 lilipatikana Yerusalemu jiwe lenye maandishi ya Kiyunani, lililokuwa limewekwa katika kizuizi cha ua huo, likimwonya mgeni asiye Myahudi kwamba akivuka hapo atakuwa amejitakia mauti yake. Jiwe hilo huonyeshwa katika jumba la makumbusho la Istanbul. Mimi niliyepiga kengele miaka mingi na kuchora mistari ya mahali wanachuo wasipopaswa kupita, naelewa jiwe kama lile. Lakini kuna jambo lililonishangaza zaidi. Katika Hekalu la pili, chumba kile cha ndani kilichozungukwa na makatazo yote hayo kilikuwa kitupu. Sanduku la Agano lilikuwa limepotea tangu zamani. Pompey, jemadari wa Warumi, alipoingia kwa nguvu mwaka 63 K.K., hakukuta sanamu ya mungu yeyote.

Mwaka 70 B.K. Warumi chini ya Tito waliliteketeza Hekalu, na njia ile ya kutembea ikakatika. Watu waliozoea kukaribia kwa mwanakondoo asubuhi na mwanakondoo jioni, sasa wangekaribia kwa nini? Jibu la marabi lilikuwa la watu wa vitendo. Saa za sadaka zikawa saa za sala. Meza ya nyumbani ikachukua sehemu ya heshima ya madhabahu. Na inasimuliwa kwamba rabi mmoja alipolilia magofu, akisema pameharibika mahali pa kuondolea dhambi, mwalimu wake Yohanan ben Zakkai alimtuliza kwamba ipo njia nyingine iliyo sawa na ile, nayo ni kutendeana mema.

Lakini kiu haikuondoka kwa kupangiwa saa. Torati yenyewe huwaamuru Waisraeli *kuambatana* na Mungu, na neno linalotumika ni lilelile la mume anayeambatana na mkewe katika Mwanzo, na la Ruthu aliyeambatana na mkwewe asikubali kurudi kwao. Marabi wa Talmudi waliliona tatizo. Mtu ataambatanaje na Mungu ambaye Maandiko yanamwita moto ulao? Nilipenda sana majibu yao mawili. La kwanza ni kwamba mtu aambatane na wanachuoni: amwoze binti yake kwa mwanachuoni, amfanyie biashara, amfaidie kwa mali yake. (Msomaji atanisamehe nikisema kwamba jibu hili lina harufu ya watu waliolitunga.) La pili ni zito zaidi. Mtu afuate matendo ya Mungu: Yeye aliwavika Adamu na mkewe, nawe uvike walio uchi, Yeye alimtembelea Ibrahimu alipokuwa mgonjwa, nawe utembelee wagonjwa, aliwafariji wafiwa, akamzika Musa, nawe fanya hivyo. Huwezi kuushika moto, lakini waweza kwenda ulikokwenda.

Zikapita karne nyingi. Katika nchi za Waislamu Wayahudi walizungumza na kuandika Kiarabu, na humo likazaliwa jambo ambalo sisi watu wa upande huu wa dunia tunaweza kulisikia kwa masikio yetu wenyewe. Katika karne ya 11, huko Hispania, hakimu mmoja wa Kiyahudi aliyeitwa Bahya ibn Paquda aliandika kitabu kwa Kiarabu ambacho jina lake kwa Kiswahili ni Mwongozo wa Faradhi za Moyo. Na hilo neno faradhi limo katika jina lake la asili, kama tunavyolisema sisi. Bahya alilalamika kwamba wenzake wameandika sana juu ya faradhi za viungo, yaani nini cha kula, lini kusali, jinsi gani kuosha mikono, na wakaziacha faradhi za moyo kana kwamba hazikuamriwa. Kitabu chake kina milango kumi, na wa mwisho ni upendo wa Mungu. Humo anasema nafsi ni kitu cha kiroho ambacho kwa asili yake huelekea kile kinachofanana nacho, ila mwili umeipa shughuli nyingi kama mgeni aliyekabidhiwa nyumba asiyoijua. Alikuwa amesoma vitabu vya masufi wa Kiislamu, wala hakuona aibu kujifunza kwao. Napenda kumfikiria mtu huyu, hakimu wa kesi za watu, akitoka barazani jioni na kuandika juu ya kiu.

Nusu karne baadaye akaja Yehuda Halevi, na huyu ndiye niliyekaa naye zaidi. Alikuwa tabibu, tena mshairi mashuhuri kuliko wote katika Wayahudi wa Hispania. Alikuwa na marafiki, mali ya kumtosha, jina kubwa. Uzeeni alimaliza kitabu cha mazungumzo kiitwacho Kuzari, ambamo mfalme wa Wakhazari anaota ndoto. Malaika anamwambia kwamba nia yake inampendeza Mungu, lakini matendo yake hayampendezi. Mfalme anaanza kutafuta ni matendo gani basi. Mwanafalsafa anamjibu kwamba Mungu hana haja na habari za mtu mmoja mmoja. Mfalme haridhiki, na mwisho anamsikiliza mwalimu wa Kiyahudi. Mwalimu huyo anatofautisha njia mbili za kumjua Mungu: moja ni ya kufikiri, kama Aristotle, na hiyo humfikisha mtu kwenye hoja, nyingine ni ya kuonja, kama Ibrahimu, na hiyo humfanya mtu aweze hata kufa kwa ajili Yake. Hakuna mtu anayekufa kwa ajili ya hoja.

Angalia, ndugu msomaji, ndoto hizi mbili. Katika Kuzari, mnamo mwaka 1140, ndoto inasema nia njema haitoshi, matendo yaliyoamriwa yatakiwa. Katika Kitabu cha Wachamungu, miaka kama sitini baadaye, ndoto inasema nia ya mchunga mifugo imetosha, mwacheni. Zote mbili zimetoka kwa watu wa dini moja, na hakuna iliyoifuta nyenzake. Nilipokuwa kijana ningetaka mmoja wao awe amekosea. Sasa sitaki tena.

Halevi mwenyewe hakuridhika na kuandika. Mwishoni mwa kitabu mwalimu anaaga ili asafiri kwenda nchi ya Israeli, na mwandishi akafanya kama alivyomfanyisha mwalimu wake. Tunajua safari hii kwa bahati ya ajabu. Wayahudi hawakutupa karatasi zenye jina la Mungu. Waliziweka katika chumba maalumu, na katika sinagogi la Ben Ezra, Kairo ya kale, karatasi zilirundikana karne kwa karne, zikiwemo barua za kawaida, hati za madeni na orodha za bidhaa. Miaka ya 1896 na 1897 Solomon Schechter alichukua zaidi ya vipande 190,000 akavipeleka Cambridge, na katika karne ya 20 mtaalamu S. D. Goitein akakuta humo barua zinazomtaja mshairi wetu. Nyingine aliandikiwa rafiki yake Halfon ben Netanel, mfanyabiashara ambaye shughuli zake zilifika Aden na Bara Hindi, yaani katika bahari hiihii inayopiga pwani yetu.

Kutokana na barua hizo twajua kwamba Halevi alifika Iskanderia mwezi Septemba 1140. Twajua kwamba Misri ilimpokea kwa karamu, kila mkubwa akitaka alale kwake, na kwamba miezi ilipita, mtu aliyeacha nyumba yake kwa ajili ya Mungu akiwa anakula chakula cha jioni kwa matajiri na kuwatungia mashairi ya shukrani. Hili linanigusa. Kiu ilikuwa ya kweli, na karamu zilikuwa za kweli pia. Mwezi Mei 1141 alikuwa melini bandarini, akingoja upepo wa magharibi. Upepo ulikuja. Baada ya kiangazi hicho anatajwa katika barua kama marehemu.

Hadithi iliyoandikwa zaidi ya miaka mia nne baadaye husema alifika kwenye malango ya Yerusalemu, akapiga magoti akiimba wimbo wake wa maombolezo, na mpanda farasi Mwarabu akamkanyaga. Sisi walimu wa historia tunajua kwamba Yerusalemu mwaka huo ulikuwa mikononi mwa Wafaranki wa Vita vya Msalaba tangu 1099, na hadithi haikai vizuri hapo. Hata hivyo sikuwahi kuidharau. Watu waliomsoma hawakuvumilia kwamba mtu mwenye shauku namna ile aishie pasipojulikana. Walitaka angalau aguse lango.

Sasa niruke mpaka karne ya 18 na upande mwingine wa Ulaya, kwa kuwa hapo ndipo jambo lililotokea kati yangu na Babu lilitokea kati ya maelfu ya watu. Katika jimbo la Podolia, ambalo leo limo Ukraini, aliishi mwalimu aliyeitwa Israel ben Eliezer, maarufu kwa jina la Baal Shem Tov, aliyefariki mwaka 1760. Alifundisha kwamba kule kuambatana na Mungu si kwa wateule wachache, bali hata kwa seremala na mwenye kilabu cha pombe, tena hata katikati ya kazi na chakula, kwa kuwa hakuna mahali ambapo Mungu hayupo. Wafuasi wake wakaitwa nao Hasidim, jina lilelile la wale wa Ujerumani, ingawa ni watu wengine. Walisali kwa kelele, wakayumba, wakaimba. Wengine, inasemekana, walipinduka kichwa chini miguu juu ndani ya sinagogi. Saa ya sala ikapita wakiwa bado wanatayarisha mioyo yao.

Mjini Vilna alikuwepo Eliya, aitwaye Gaon, mwanachuoni mkuu kuliko wote wa zama zake. Mwaka 1772 jumuiya ya Vilna, yeye akiwa nyuma yake, ilitangaza kuwatenga watu hawa, na barua za onyo zikapelekwa mijini. Mashtaka yalikuwa haya: wamebadili kitabu cha sala, hawashiki saa, wamejitenga katika vyumba vyao, wanadharau masomo, wanafanya vituko. Nilipoyasoma nilihisi nasoma daftari langu mwenyewe la nidhamu.

Ingekuwa rahisi kumfanya Gaon kuwa mtu mkavu, lakini wanawe wameandika juu yake. Alilala saa chache mno kwa usiku, akasoma madirisha yamefungwa, akaweka miguu katika maji baridi ili usingizi usimshinde. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya kanuni. Kwake herufi za Torati zilikuwa mahali pa kukutana na Mungu, na aliyezidharau alikuwa anabomoa lango pekee lililobaki. Safari moja alifunga mizigo kwenda nchi ya Israeli, kama Halevi, akarudi njiani. Alisema tu kwamba hakupewa ruhusa kutoka mbinguni.

Na hapa kuna jambo ambalo siwezi kulipita. Viongozi wawili wa Hasidim, Menachem Mendel wa Vitebsk na Shneur Zalman, aliyekuwa bado kijana, walisafiri mpaka Vilna ili wazungumze na Gaon na kuondoa kutoelewana. Shneur Zalman aliandika baadaye kwamba mlango ulifungwa mbele yao mara mbili, na walipozidi kusihi, mzee akauacha mji mpaka walipoondoka. Walipiga hodi, na wa ndani hakuitika. Watu watatu, kila mmoja akikosa usingizi kwa ajili ya Mungu yuleyule, hawakuweza kukaa katika chumba kimoja hata saa moja. Baadaye ugomvi ukafika kwa serikali. Mwaka 1798 Shneur Zalman alikamatwa kwa tuhuma za wapinzani wake, akafungwa St. Petersburg wiki kadhaa kabla ya kuachiliwa.

Huyu Shneur Zalman alikuwa ametoa mwaka 1796 kitabu kiitwacho Tanya, na ndani yake mna picha ambayo sijapata nyingine inayoizidi. Anasema nafsi ni kama mwali wa mshumaa. Mwali siku zote huyumba ukielekea juu, kana kwamba wataka kuuacha utambi na kurudi kwenye asili yake, ingawa ukifanikiwa utazimika na nuru yake haitaonekana tena. Hivyo kuna mambo mawili: kiu ya kupanda, na utambi unaoushikilia mwali uendelee kuwaka. Utambi si adui. Lakini nani atasema utambi ni mwali?

Mke wangu alifariki mwaka 2016. Siku za matanga kitabu cha sala ndicho kilichonibeba. Nisingekuwa na neno langu hata moja, na yale yaliyoandikwa na watu waliokufa zamani yalisimama badala yangu. Kwa hiyo sitakitukana kitabu. Walakini, miezi ilipopita, maneno yaleyale yalianza kunitoka mdomoni kama mwalimu anayeita mahudhurio, jina baada ya jina, bila kuinua macho kuona nani yupo. Alfajiri moja nilitoka barazani nikajaribu kufanya kama Babu. Nikasema usiku umepita. Kisha nikasimama hapo. Sikuwa na mbwa wala mwizi wa kumweleza Mungu, na nililokuwa nalo halikutaka kutoka.

Babu alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 2002. Mwaka 2018 nilipanda basi nikaenda kijijini kwake, jambo ambalo ilinipasa kulifanya angali hai. Nilimkuta mjane wake ameketi nje akichambua maharage.

"Hodi, mama. Shikamoo."

"Marahaba, baba. Karibu, karibu ukae."

Alinikumbuka. Nikamwambia nilichojia, kwamba mwaka fulani nilimkataza mumewe kusali kwa maneno yake, na kwamba nataka kujua kama baada ya hapo aliendelea kusali. Alinitazama kitambo bila kusema. Kisha akaingia ndani, akatoka na kitabu changu kidogo kimefungwa katika kitambaa. Kurasa zote zilikuwa safi, nyingine bado zimeshikana pembeni kama zilivyotoka kiwandani. Ukurasa mmoja tu, ule wa sala ya asubuhi, ulikuwa umekuwa mweusi na kulegea, mistari ya juu imefutika kwa kufuatwa na kidole.

"Alikuwa akikifungua kila siku," akasema. "Alikuwa akikitazama hivi, muda mrefu."

Nikauliza kama alikuwa akisoma, au alikuwa akisema mengine.

"Midomo ilikuwa ikicheza," akasema. "Mimi nilikuwa jikoni."

Akaniuliza kama nataka kukichukua kitabu. Nikamwambia kibaki.